Ushirika Usioandikwa ni Mtihani kwa Warithi

Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mtumbwi mmoja wa dagaa huweza kubeba mali ya watu wengi. Huyu katoa mashine, yule nyavu, wa tatu taa, na wa nne hana ila nguvu zake na ujuzi wa ziwa. Hupeana mikono, husoma Fatiha, na usiku wa giza huingia majini. Mbalamwezi ikitanda hurejea nchi kavu kushona nyavu na kugawana kilichopatikana.

Kuaminiana huko ni sifa njema. Lakini tujiulize: mwenye mashine akifariki dunia, mjane wake na mayatima watathibitisha vipi fungu lao?

Ujiji inalijua jambo hili tangu zamani. Katika miaka ya 1880, Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alishirikiana na Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, katika biashara ya pembe na, kwa masikitiko, ya watumwa, kutoka Ujiji hadi ng'ambo ya ziwa. Biashara ilipoanguka, usuhuba nao ulikwisha. Rumaliza alimshitaki mwenzake akidai haki yake katika mali ya ushirika.

Wengi hudhani kwamba ushirika usiosajiliwa hauna haki yoyote mahakamani. Hiyo ni hali ya India, si yetu. Sheria ya India ya mwaka 1932, katika kifungu cha 69, inauzuia ushirika usiosajiliwa kumshitaki mtu wa nje kwa kuvunja mkataba, na inamzuia mshirika kuwashitaki wenzake. Ameachiwa njia chache, kama vile kudai ushirika uvunjwe na hesabu zitolewe. Mtu wa nje, kwa upande wake, anaweza kuwashitaki wao!

Sisi tulirithi sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika hadi tulipopata yetu mwaka 1961. Katazo lile la 1932 halikuingia humo. Kwetu, hata makubaliano ya mdomo huweza kuwa ushirika. Kinachosajiliwa BRELA ni jina la biashara, pale washirika wasipotumia majina yao halisi.

Basi hatari yetu iko wapi? Iko katika ushahidi, kwani anayedai ndiye wa kuthibitisha, katika sheria ya nchi na katika fiq'hi pia. Tena pasipo makubaliano, sheria ya nchi huwagawia washirika faida na hasara sawa kwa sawa. Fiq'hi haisemi hivyo: katika ushirika wa mitaji, hasara hufuata mtaji wa kila mmoja, na katika mudharaba, mwenye mali hubeba hasara ya mali, naye mfanyakazi hupoteza jasho lake, maadamu hakufanya uzembe. Anayetaka hukumu hiyo ya dini yake ifuatwe, na aiandike.

Qur'ani imetutangulia katika hili. Suratul Kahf inataja jahazi la maskini waliofanya kazi baharini kwa pamoja. Suratu Saad inatahadharisha kwamba washirika wengi hudhulumiana. Na aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo.

Karatasi moja yatosha. Iandikwe nani katoa nini na thamani yake. Faida na hasara zitagawanywa vipi. Nani anashika hesabu. Na mmoja akifa au akitaka kujitoa, fungu lake litathaminiwaje. Washirika watie saini, na mashahidi wawili nao watie. Kila mmoja abaki na nakala, na mkewe ajue ilipo.

Kumwomba mwenzio muandikiane si kumshuku. Ni kumhifadhi yeye, kujihifadhi wewe, na kuwahifadhi watoto ambao siku ya kugawa mirathi hawatakuwa na mtu wa kuwasemea ila karatasi hiyo.