Kimeta Mlimani: Mzoga Uzikwe Wapi?

Ng'ombe afapo ghafla bandani, jambo la kwanza analolifikiria mwenye mali ni hasara, wala si vijidudu. Wilayani Lushoto, ambako kaya nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili na kuwakatia majani ya tembo, kifo cha mnyama mmoja ni kupotea kwa akiba ya nyumba nzima. Ndipo kisu hutafutwa. Waislamu, ambao ni wengi katika milima ya Usambara, hawali kibudu. Lakini hata asiyekula nyama hiyo aweza kushawishika kuichuna ngozi. Iwapo mnyama huyo ameuawa na kimeta, kisu hicho ndicho kitakachoanzisha balaa ya miaka mingi.

Sababu yake iligunduliwa na Robert Koch mwaka 1876, alipoeleza maisha ya bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis. Ndani ya mwili bakteria hao wamo katika umbo laini la kuzaana, na mnyama anapokaribia kufa, mililita moja ya damu yake yaweza kuwa na zaidi ya milioni 10 kati yao. Umbo hilo ni dhaifu. Mzoga usipopasuliwa, oksijeni iliyomo humalizika, bakteria wa uozo watokao matumboni huenea, na wale wa kimeta hufa kwa wingi katika siku chache. Lakini mzoga ukipasuliwa, damu, ambayo kwa ugonjwa huu ni nyeusi na haigandi vizuri, humwagika na kukutana na hewa. Hapo bakteria hujigeuza kuwa spora, yaani chembe iliyojifunga ndani ya ganda gumu. Spora hustahimili ukame, nayo yaweza kungoja udongoni kwa miongo ya miaka mpaka iliwe na ng'ombe mwingine pamoja na majani.

Si kila mzoga ulio hatari kwa kiasi hicho. Virusi vya sotoka, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, havikudumu katika mzoga unaooza. Kimeta ni jambo jingine. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu silaha za kimeta katika kisiwa cha Gruinard, Scotland. Kisiwa hicho hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, baada ya udongo wake kumwagiwa formalini iliyochanganywa na maji ya bahari. Hakuna kijiji kiwezacho kusafisha shamba lake kwa gharama ya namna hiyo. Hapa nchini, mwishoni mwa mwaka 2016, ugonjwa uliwaua nyumbu zaidi ya 100 pamoja na mifugo katika kata ya Selela, Monduli, na watu wakaugua.

Wataalamu hupendelea mzoga uchomwe. Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 ana maji yapatayo kilo 250, na kuyachemsha maji hayo mpaka yaishe kwahitaji megajuli 650 hivi. Kilo moja ya kuni kavu hutoa megajuli 16 hivi. Kwa hiyo, kwenye karatasi, kilo 40 zingetosha kuyamaliza maji. Kwa kweli hazitoshi hata kidogo, kwa kuwa katika moto wa wazi sehemu kubwa ya joto hupotea angani, na wakati wa masika kuni zenyewe ni mbichi. Zinatakiwa kilo mamia kadhaa. Zitatoka wapi, ikiwa misitu ya Magamba na Shagayu imehifadhiwa? Na mzoga ulioungua nusu ni mbaya kuliko usioguswa, maana umekwisha kupasuka.

Hubaki kuzika, na hapo mlima huleta mashaka yake. Kanuni ya kawaida ni shimo lenye kina kisichopungua mita 2. Mabondeni, kwenye bustani za kabichi na karoti, maji huweza kuonekana kabla ya kina hicho kufikiwa. Kwenye mteremko mkali, mvua huchukua udongo, na spora huchukuliwa nao na kukusanyika penye vidimbwi, ambapo ndipo mifugo hunywa. Kwa hiyo shimo lichimbwe mahali palipoinuka na penye usawa, mbali na chemchemi, na upande wa juu uchimbwe mfereji wa kuyaepusha maji ya mvua.

Mzoga usiburutwe, kwa kuwa utaacha damu njia nzima. Matundu ya mwili yazibwe kwanza kwa matambara yaliyoloweshwa dawa ya kuua vijidudu, nao wafanyao kazi wavae glavu na viatu vya mpira. Udongo na matandiko yaliyolowa damu yatiwe shimoni pia. Desturi ya kumwaga chokaa juu ya mzoga wa kimeta yafaa iachwe: kalisi iliyomo hudhaniwa kuwa huzisaidia spora kuishi. Kazi yote isimamiwe na afisa mifugo, ambaye lazima aarifiwe kabla ya yeyote kumgusa mnyama.

Baada ya hapo kaburi lizungushiwe ua wa miiba. Louis Pasteur aliwashuku minyoo wa ardhini kuwa huzipandisha spora juu. Iwe ni minyoo, mchwa au jembe, majani yaotayo hapo yasikatwe kulishia mifugo, hata yakistawi namna gani. Ng'ombe wa jirani wapewe chanjo kila mwaka, kwa kuwa kinga yake haidumu zaidi sana ya muda huo.