Chozi wa Mchukwi si kolibri

Profesa Wangari Maathai alipenda kusimulia kisa cha kolibri, kindege aliyebeba maji mdomoni tone kwa tone kuuzima moto wa msituni. Kisa kimeenea Afrika Mashariki, lakini kolibri mwenyewe haishi porini popote Afrika. Aina zake, zaidi ya 300, zote ni za Amerika, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini. Kindege anayemetameta kwenye ua la mgomba pale Mchukwi, wilayani Kibiti, ni chozi.

Hawana udugu wa karibu. Kolibri ni jamaa ya teleka, na chozi yuko kundi moja na shomoro na kunguru. Kilichowafananisha ni riziki: wote hunywa nekta, na wote wana mdomo mwembamba na ulimi wa kufyonzea. Kolibri hunywa akielea hewani na anaweza kuruka kinyumenyume. Chozi huelea mara chache. Kwa kawaida hushika kitawi, akajipinda, hata akaning’inia kichwa chini. Kwa hiyo ukitaka kumtambua, anza na miguu. Ukiona kitu kikielea mbele ya ua bila kutua, na kichwani kina papasi, huyo ni nondo.

Kisha mtafute dume, kwa kuwa majike wengi wana rangi hafifu na hufanana. Dume mweusi mwenye kifua chekundu ni wa aina kubwa kiasi, yapata sentimita 15. Mdogo mwenye mgongo wa kijani king’aavu, tumbo la njano na mkanda mwembamba wa zambarau kifuani ni wa aina nyingine. Mwenye kichwa cha kijani, mkanda wa zambarau na tumbo jeusi ni wa tatu.

Ugumu huanza pale dume naye anapokosa mng’ao. Pwani wapo chozi wawili wa namna hiyo: mmoja wa kijivu, mwingine wa rangi ya zeituni. Wa zeituni hupenda kivuli cha msitu. Wa kijivu hupenda vichaka vya pwani na mikoko. Na delta ya Rufiji ina mikoko ya kutosha: zaidi ya hekta 50,000, ndani ya eneo lililoingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Si kila mkoko unamhitaji ndege. Mchu huchavushwa na wadudu, lakini msinzi una maua yenye sepali nyekundu yanayotazama chini, na petali zake hubana chavua kama mtego. Mdomo ukigusa, petali hufyatuka na kummwagia ndege chavua usoni, naye huipeleka ua la pili.

Basi ukimwandika chozi daftarini, andika na mti aliotua. Kwa hawa wasio na mng’ao, mti ni nusu ya ushahidi.