Yai la Kamongo na Yai la Sato

Msafiri asimamaye asubuhi katika mwalo wa Nkome, mkoani Geita, akawaona samaki wawili, sato na kamongo, wamelazwa ubavu kwa ubavu, hudhani, wala dhana yake haina lawama, kuwa hao wawili ni ndugu na yeye mnunuzi ni mgeni wao. Lakini elimu ya viumbe yahukumu kinyume, kwa kuwa kamongo, mwenye mapafu na asiyeweza kuishi bila kupanda juu kuvuta hewa, ana nasaba iliyo karibu zaidi na ya mnunuzi kuliko ya sato.

Je, mayai yao yashuhudia hukumu hiyo? Mayai ya kamongo, ambayo mtaalamu wa wanyama J. S. Budgett aliyakusanya Gambia mwaka 1900 na mwenzake John Graham Kerr akayachunguza, hugawanyika yote kama ya chura: ufa huanza juu, ukateremka taratibu hata kupasua sehemu ya chini iliyojaa kiini cha manjano, na hatimaye hutoka kiluwiluwi mwenye matamvua ya nje. Yai la sato, ambalo mama hulihifadhi kinywani, halifanyi hivyo. Seli hugawanyika katika kisahani kidogo kilicho juu tu, na kiini chote hubaki chini kama akiba ghalani.

Lakini asiharakishe mtu kuufanya mfanano huo kuwa cheti cha nasaba, maana kugawanyika kote ni urithi mkongwe mno, na kuku wa Shinyanga, aliye karibu na kamongo kuliko sato alivyo, yai lake hugawanyika juu tu. Sababu ni wingi wa kiini: kila ukoo wa wanyama wenye uti wa mgongo uliozidisha akiba hiyo, papa mbali, sato mbali, kuku mbali, ulilazimika kuuacha mzigo bila kuupasua. Sisi wanadamu tulirudi nyuma, kwani mama alipoanza kumlisha mwana tumboni kiini kilipungua, na yai letu, kipenyo chake kama milimita 0.1, hugawanyika lote. Hata hivyo kiinitete chetu hujijengea kifuko cha kiini kisicho na kiini, mithili ya mtu aliyehama shamba asisahau kujenga ghala.

Na mwanzo wa kiinitete hutii hata majira. Katika madimbwi ya msimu yaliyo juu ya udongo mweusi wa mbuga, samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius huacha mayai topeni kabla ya kiangazi. Seli zitakazoujenga mwili hutawanyika juu ya kiini, zikaweza kusimama hivyo kwa miezi, kisha hukusanyika na kuendelea.

Baada ya tofauti zote hizo, viinitete hufika mahali pamoja, mfano wa shisha, ile saa ya mchanga, iliyo pana juu na chini na nyembamba kiunoni: vyote huonyesha uti, mkia na matao ya kooni. Tao la kwanza huwa taya, kwa sato, kwa kamongo na kwa mwanadamu. Basi yule msafiri wa Nkome, akiketi kula kitoweo chake, hukitafuna kwa kiungo alichokirithi pamoja nacho.