Valvu ya Moyo: Uamuzi Kabla ya Kisu (Sehemu ya Pili)

Toleo lililopita lilieleza kuwa valvu inayotoa damu moyoni kwenda mwilini, inayopaswa kuwa na vipande vitatu vyembamba, huweza kuumbika na viwili tangu tumboni mwa mama. Kasoro hiyo humpata mtu 1 hadi 2 katika kila watu 100. Wengi hawana habari nayo hadi ukubwani, valvu inapokakamaa au kuvuja na pumzi kuanza kukatika ngazini.

Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipewa rufaa kwenda India. Tangu 2015 kazi hiyo inafanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, palepale Upanga. Safari imefupika, lakini uamuzi mgumu umebaki: valvu ipi?

Inayovuja bila kukakamaa huweza kurekebishwa. Ikishindikana, hubadilishwa.

Valvu ya kaboni ngumu huweza kudumu maisha yote. Usiku kukiwa kimya, mwenyewe huisikia ikigonga kifuani. Gharama yake ni warfarin kila siku, pamoja na kupima damu mara kwa mara. Dozi ikipungua, damu huganda na kuleta kiharusi; ikizidi, mtu huvuja damu. Mchicha na kisamvu haviachwi, ila viliwe kwa kiasi kilekile, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa.

Valvu ya utando wa moyo wa ng'ombe kwa kawaida haihitaji warfarin maisha yote. Hata hivyo huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana mapema zaidi.

Ipo pia njia aliyoianzisha Donald Ross, London, mwaka 1967: valvu ya mgonjwa mwenyewe ya upande wa mapafu huhamishiwa palipoharibika. Inataka mikono yenye uzoefu mkubwa.

Tuseme muuza vitenge wa Kariakoo, miaka 28, anataka watoto. Warfarin huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Valvu ya ng'ombe itamrahisishia uzazi, lakini ajue kisu cha pili kinamngoja. Mkulima anayeishi mbali na maabara naye aulize mapema: damu yangu itapimwa wapi? Maswali hayo ni haki ya mgonjwa, na yaulizwe kabla ya kutia saini.

Toleo lijalo: kubadilisha valvu kupitia mshipa wa paja.