Kumfuatilia Okapi Chini ya Miti ya Ituri

Okapi, mnyama wa jamii ya twiga mwenye mistari myeupe miguuni, huishi porini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee, na ingawa misitu yake haiko mbali na Beni, wakazi wengi wa mji huo na wa Butembo humjua kwa picha tu. Kujua anakolala na anakolisha mnyama msiri kiasi hicho kulihitaji visukuma mawimbi, yaani vifaa vidogo vilivyofungwa kwenye mkanda wa shingoni, ambavyo hutoa mlio wa redio mfululizo.

Katika miaka ya 1980, watafiti John na Terese Hart walivitumia katika msitu wa Ituri. Okapi alinaswa kwenye shimo lililofunikwa majani, akavishwa mkanda, akaachiwa. Kisha mfuatiliaji aliinua antena, akaizungusha polepole hadi mlio uliposikika kwa nguvu zaidi, akachora mstari ramanini kuelekea upande huo, akahamia kwingine na kurudia, na mistari ilipokatana ndipo alipokuwa mnyama. Hivyo ilijulikana kwamba jike hutosheka na kilomita za mraba chache, ilhali dume huzunguka eneo kubwa zaidi. Kwamba okapi hupenda uwazi unaoachwa na mti ulioanguka, ambako jua hufika chini na majani machanga huchipua. Na kwamba chui humwinda.

Mkanda wa setilaiti humpunguzia mtafiti mwendo, kwa kuwa hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4, hukokotoa mahali ulipo, kisha huituma taarifa hiyo hewani. Sili wa bahari za baridi, anayebandikwa kifaa kwa gundi manyoyani, huonekana kila anapoibuka kuvuta pumzi. Okapi haibuki popote: juu yake kuna dari la majani mabichi yanayofifisha mawimbi, na kwa hiyo mtu mwenye antena bado ana kazi, iwapo usalama unamruhusu kuingia msituni. Juni 2012, waasi walishambulia kituo cha kutunzia okapi cha Epulu, katika msitu huo wa Ituri, wakaua watu pamoja na okapi 14 waliotunzwa humo.

Katika hifadhi ya Virunga, okapi alipigwa picha mwaka 2008 na kamera inayojifyatua mnyama anapopita mbele yake. Kamera hiyo haihitaji mtu wa kukesha msituni, ila haisemi mnyama alitoka wapi wala alielekea wapi.