Kabla ya Kupanda Hanang, Kagua Soli ya Kiatu Chako

Na Mwandishi Wetu, Singida

WANANCHI wa Mkoa wa Singida wanaopanga kutumia siku za mapumziko kupanda Mlima Hanang, uliopo mkoa jirani wa Manyara, au kutembea kwenye miamba inayozunguka maziwa Singidani na Kindai, wanashauriwa kuchagua viatu kwa kuzingatia ardhi watakayoikanyaga na uimara wa soli, badala ya sura ya kiatu au bei yake peke yake.

Buti nyingi za kupandia milima zinazouzwa katika masoko yetu ni za mitumba. Hilo pekee si kasoro, kwani buti iliyotengenezwa vizuri yaweza kudumu miaka mingi hata baada ya kubadili mmiliki. Tatizo lipo katika tabaka laini lililo kati ya ngozi ya juu na soli ya chini. Katika buti nyingi tabaka hilo hutengenezwa kwa poliyurethani, ambayo huoza polepole kwa unyevu wa hewani hata kama kiatu kimewekwa ghalani bila kuvaliwa. Kwa nje kiatu huonekana kipya, kisha soli hubanduka yote baada ya saa chache za mwendo. Kubandukiwa na soli mjini ni usumbufu tu. Kubandukiwa katikati ya mteremko wa Hanang, mbali na Katesh na jua likielekea kuzama, ni jambo jingine.

Kabla ya kulipa, shika kiatu kwa mikono miwili ukikunje mara kadhaa kwa nguvu, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiona nyufa, au ubavu ukimeguka kama mkate mkavu, kiache. Gundi mpya iliyopakwa kuzunguka ukingo nayo iulizwe maswali. Fundi viatu anaweza kushona soli iliyoachia, na kushona ni bora kuliko gundi, lakini hakuna uzi unaoshika tabaka lililokwisha kuoza.

Kiatu kijaribiwe jioni, wakati miguu imevimba kidogo, kikiwa na soksi zitakazovaliwa safarini. Mbele ya vidole ibaki nafasi, kwa sababu wakati wa kushuka mguu husukumwa mbele na kucha huumia. Kisha kivaliwe nyumbani na kazini siku kadhaa kabla ya safari, malengelenge yasije yakamkuta mtu njiani.

Kwa matembezi mafupi kwenye miamba ya Singida, raba yenye soli inayoshika vizuri inatosha. Katambuga nazo zisidharauliwe: mwiba wa mgunga haupenyi tairi kirahisi, ilhali hupenya raba nyepesi. Upungufu wake ni kuacha kifundo wazi, na katika nyasi kavu kifutu hulala kimya mpaka akanyagwe. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba; atulizwe, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali haraka.

Hanang ina urefu wa zaidi ya mita 3,400, na mji wa Singida upo takribani mita 1,500. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hivyo anayeondoka Singida kwa fulana atahitaji sweta na koti la mvua kileleni. Soksi za pamba zikilowa hazikauki upesi. Za sufu ni bora. Wakati wa mvua kubwa safari iahirishwe. Maporomoko ya matope yaliyotoka mlimani humo Desemba 3, 2023 na kuua watu wengi Katesh na vijiji jirani hayakuzuilika kwa kiatu cha aina yoyote.

Kwa wanaokwenda likizo Unguja, hesabu hubadilika. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa kisiwa ni jiwe la matumbawe lenye ncha kali, linalokata ndala mara moja. Katika msitu wa Jozani raba zilizofunika vidole zinatosha, na kwenye mikoko kuna njia ya mbao. Anayetembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa avae viatu vya plastiki vinavyofungwa kisigino; buti ya ngozi ikilowa maji ya chumvi hukakamaa na kupasuka.

Popote uendako, beba maji lita 2 hadi 3 kwa kila mtu, kwani ya Singidani na Kindai ni ya chumvi, pamoja na kofia, tochi na simu iliyojaa chaji. Kwa Hanang, kibali na mwongozaji hupatikana kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Dharura ikitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa bila malipo kwa namba 114.