Fourah Bay: Chuo cha Watu wa Kwanza

Afrika Magharibi nzima haina chuo kikuu cha mtindo wa Kimagharibi kikongwe kuliko Fourah Bay cha Freetown, Sierra Leone. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS (Church Missionary Society) walikifungua mwaka 1827 ili kiandae walimu na makasisi, na wakati huo merikebu za watumwa zilikuwa bado zinakatiza Atlantiki.

Wa kwanza kuandikishwa alikuwa Samuel Ajayi Crowther. Kijana huyu wa Kiyoruba alitekwa kijijini kwao Osogun mwaka 1821, akauzwa na kuuzwa tena hadi akapakiwa kwenye merikebu ya Wareno. Manowari ya Waingereza ikaikamata, naye akashushwa Freetown mwaka 1822. Miaka mitano baadaye yumo darasani. Mwaka 1864 aliwekwa wakfu Canterbury, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, na ndiye aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Katika rekodi zote za chuo hiki, sioni inayoifikia hii ya Crowther.

Hata jengo la zamani la chuo, katika mtaa wa Cline Town, lililokamilika mwaka 1848, linabeba historia hiyo. Ni ghorofa za mawe mekundu, na wenyeji husimulia kwamba boriti za paa lake zilikuwa milingoti ya merikebu za watumwa zilizokamatwa. Paa hilo liliteketea kwa moto mwaka 1999. Kuta zilibaki wazi kwa mvua, na inauma.

Mkuu wa kwanza mweusi wa chuo alikuwa Edward Jones, Mmarekani kutoka Charleston. Tangu 1876, chuo kilipofungamana na Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza, vijana waliweza kupata digrii ya Uingereza bila kuvuka bahari.

Aliyevuka ni Christian Cole. Baada ya kusoma Fourah Bay, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuhitimu Oxford, kisha mwaka 1883 wa kwanza kuwa wakili katika mahakama za Uingereza. Akaja kufanya kazi Zanzibar, na ndui ikamuua huko mwaka 1885, akiwa na miaka 33 tu.

Rekodi moja ilichelewa mno. Mwanamke wa kwanza kuhitimu, Lati Hyde-Forster, alipata digrii yake mwaka 1938, miaka 111 tangu chuo kufunguliwa. Baadaye aliongoza Annie Walsh, shule ya wasichana ya Freetown, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.